Mchezo Ndani ya Boma la Baba Agatha

Kambi ya Nne, bonde la miwa, Morogoro
Jumapili, 8 Juni 2025

Leo ni mwaka mmoja, miezi miwili na siku tatu tangu nitoke nyumbani.

Mama Agatha,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, mwili tu umechoka. Mpe mama shikamoo yangu. Agatha mwambie baba hajasahau kwamba aliomba viatu vyekundu.

Usishangae kuona barua. Simu yangu imekufa. Iliingia kwenye maji ya moto, ikatoka kimya. Simu za wenzangu zipo, ila bwenini tunalala watu ishirini na nane, na ukisema "mke wangu" wote wanageuza shingo. Afadhali karatasi. Tangu niache shule darasa la tano sijaandika kitu kirefu kuliko jina langu, kwa hiyo penye makosa pita tu kama unavyopita kwenye tope.

Miwa imetoa maua. Asubuhi upepo ukipita juu yake, shamba lote linang'aa kwa weupe, na mimi nasimama nimesahau nilichotumwa. Naona ziwa Balangida vile linavyoonekana ukiwa ukingoni kwetu, chumvi na ukungu, na mlima Hanang' nyuma yake kama mtu aliyejifunika blanketi. Kisha mtu ananipigia kelele, na ziwa linakuwa miwa tena.

Ndoto yangu ni ile ile. Ng'ombe wetu sita wanarudi. Madoa yuko mbele kama kawaida yake. Wanaingia langoni mmoja mmoja, nami nimeshika mti wa lango nawahesabu, lakini hawaishi kuingia. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe uliowamaliza, haijawahi kuwepo. Naamka mkono wangu umeshika chuma cha kitanda.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Boma usiliguse. Baba aliniambia lango la boma hufunguliwa na mwenye ng'ombe na hufungwa na mwenye ng'ombe. Liache na miiba yake hivyo hivyo. Nimeapa sirudi bila mtamba wa kuanzia, hata awe mmoja, na nataka apite lango lile lile.

Ligi yenu ya kriketi imeshaanza? Mchezo ule sijauelewa mpaka leo, ila najua ulikuwa ukitoka mazoezini unapika huku unacheka peke yako. Endelea.

Mimi mumeo,
Thadei Qamara


Tumati
22 Juni 2025

Baba Agatha,

Barua yako imefika kupitia parokia, Mzee Alfredi wa sadaka akaileta mwenyewe na kusimama mlangoni akingoja nisome kwa sauti. Sikusoma. Alikunywa chai akaondoka na hasira.

Sisi ni wazima. Mama anakusalimia sana, nyonga inamsumbua kukiwa na ukungu, na mwezi huu ukungu hautoki mpaka saa nne. Mahindi tumevuna nusu. Agatha anasema viatu viwe vyekundu kabisa, si vya rangi ya matofali.

Ligi imeanza vibaya. Kwanza uwanja wa shule tumeupoteza, panajengwa madarasa. Mwalimu Rogathe anayetufundisha mchezo alihangaika, sasa tumepata pengine. Pili, ni wakati wa mavuno, na nikiita wachezaji kumi na mmoja wanakuja tisa, wawili kati yao wamebeba watoto. Tatu, tulienda Katesh.

Nikueleze mchezo, maana umeniomba bila kuomba. Kuna vijiti vitatu vimesimama, vinaitwa wiketi. Mpigaji anasimama mbele yake na gongo la mbao (si lile la kunywa, mwambie mwenzako Onesphory asicheke). Mimi nakimbia, nazungusha mkono juu ya bega, narusha mpira udunde mbele yake. Nikiviangusha vile vijiti, ametoka. Akiupiga mbali, wanakimbia kubadilishana pande, na kila wakipishana ni mkimbio mmoja. Basi. Mengine ni kusubiri.

Katesh walipata mikimbio mia moja na arobaini. Sisi tulipata thelathini na moja, tukatoka wote kabla jua halijafika kichwani. Timu yetu inaitwa Kwale wa Tumati, unakumbuka, kwa sababu kwale hukimbia kuliko kuruka. Wale wasichana wa Katesh walituimbia tukipanda gari: "Kwale wa mchuzi, leteni na ugali!" Verediana alitaka kushuka apigane. Nikamwambia, dada, tumeshindwa kupiga mpira, tutaweza watu?

Boma nalipita kila siku. Nimeweka humu ndani nyasi kidogo za hapo, unuse nyumbani.

Barua yako ina doa la mafuta. Miwa ya huko ina mafuta?

Wako,
Zita


Kambi ya Nne
Jumapili, 6 Julai 2025

Mama Agatha,

Nimepata barua na nyasi. Zimekauka njiani lakini harufu ipo. Nililala nazo chini ya shati nililolifanya mto, na usiku huo ng'ombe hawakuja. Ulikuja ukungu peke yake, nao uliingia langoni kama mtu mwenye haki ya kuingia.

Asubuhi nikakaa nazo mkononi nikafikiri. Zita, mimi nimezaliwa Tumati kama wewe. Kwetu mtu akikujia na nyasi mkononi anaomba amani, na huwezi kumkatalia. Baba alinichapa siku moja kwa sababu nilitupa nyasi aliyonipa ndugu yangu baada ya kunivunjia mtego. Alisema laana ya nyasi iliyokataliwa hubaki kwa aliyeikataa. Kwa hiyo najua nyasi ni nini.

Mtu haombi amani bila vita. Umefanya nini?

Kama ni kitu kidogo, sema tu. Kama ni kikubwa, sema polepole.

Lile doa ni la taa.

Thadei


Tumati
20 Julai 2025

Baba Agatha,

Nyasi ni nyasi. Wewe uko mbali, unakaa unazifikiria mpaka zinaota maneno. Hakuna vita hapa.

Taa ya huko inawaka kwa mafuta ya kupikia? Maana Agatha alilinusa doa akasema, "Baba anakula maandazi."

Juzi tulicheza na Babati hapa kwetu. Nikupe picha yake, labda itakufukuzia mawazo. Tulianza asubuhi mno kwa sababu wageni walitaka kuwahi gari. Ukungu ulikuwa umelala chini, huoni mtu wa hatua thelathini. Nikirusha mpira, mpigaji aliuona ukitoka katika weupe kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Aliupiga, ukapotea upande wa pili. Tukabaki wote tumesimama tukisikiliza. Kisha mbali kabisa, Severina, msichana wetu anayesimama pembezoni, akasema kwa sauti ndogo, "Ninao." Alikuwa ameudaka bila kuuona. Ulimjia tu mikononi. Mwamuzi aliuliza mara mbili kama anasema kweli, na Severina alilia kwa sababu hajawahi kusema uongo.

Hata hivyo tulishindwa. Ukungu ulipoinuka walituona vizuri na kutupiga vizuri.

Hiyo ni mara ya nne. Watu wameanza kunisema njiani. Mzee Alfredi aliniuliza mbele ya kanisa, "Mama Agatha, mume anakata miwa, wewe unakata nini?" Nikamjibu, "Kona, baba, shikamoo." Nikapita.

Kazi yako ikoje? Husemi kitu juu ya kazi. Zamani ulikuwa unasema umekata mistari mingapi.

Zita


Kambi ya Nne
Jumapili, 10 Agosti 2025

Leo ni mwaka mmoja, miezi minne na siku tano.

Zita,

Onesphory amerudi kutoka likizo. Unamjua, ni wa Maretadu, tunalala kitanda cha juu na cha chini. Nilimwomba apitie kwetu akaone mama. Anasema alipita kwa basi la asubuhi, gari halikusimama, lakini alichungulia. Aliyoyaona ameniambia jana tukiosha nguo, na alinitazama pembeni kama mtu anayebeba yai.

Anasema ua wa boma langu haupo. Anasema aliona watu wamevaa nguo nyeupe tupu, wamesimama duara katika boma, hawasemi. Katikati mmoja alikuwa ameinama anachimba. Na wanawake wengine wamekaa chini kwenye nyasi wameshika tama.

Sasa nimeunganisha. Nyasi za msamaha. Nyonga ya mama. Nguo nyeupe. Shimo. Wewe kukwepa maneno.

Zita, mama yangu amekufa? Mmemzika ndani ya boma, mkasema Thadei asiambiwe asije akaacha kazi?

Onesphory alinipa simu yake nipige. Niliishika mpaka ikapata joto. Sikuweza. Sauti ukishaisikia hairudi, na humu hakuna pa kwenda mtu akalie. Barua naweza kuiweka mfukoni mpaka nipate nguvu ya kuifungua. Niandikie ukweli. Kama mama hayupo, andika mstari mmoja tu, nitaelewa.

Thadei


Tumati
17 Agosti 2025

Baba Agatha,

Jana nilipopata barua yako nilipanda mpaka kanisani penye mtandao nikampigia Onesphory akwambie mama ni mzima. Ameniambia amekwambia, na kwamba ulikaa chini pale pale ulipokuwa umesimama. Nisamehe. Mengine siwezi kuyasema kwa simu ya mtu, kwa hiyo nayaandika polepole kama ulivyosema.

Wale watu weupe ni sisi. Ni nguo zetu za mchezo, suruali na mashati, tulipewa na timu moja ya wanaume iliyobadilisha rangi. Tumezipunguza kwa sindano. Aliyekuwa anachimba ni mimi, natafuta pa kusimamishia wiketi. Walioshika tama ni kwa sababu tulikuwa tunashindwa.

Ua wa boma haupo. Tuliutoa tarehe 24 Mei, wiki mbili kabla hujaniandikia usiliguse. Barua yako ilinikuta kosa limeshasimama na miguu yake. Nikaogopa. Nikakuwekea nyasi, nikajidanganya kwamba nimeomba msamaha.

Shule ilipoanza kujenga, tulizunguka Tumati yote. Kila mahali ni shamba la mtu au mteremko. Kriketi inataka ukanda mgumu, tambarare, hatua ishirini na mbili, mpira udunde bila kugeuka hovyo. Siku moja nilirudi nyumbani nimechoka, nikapita bomani kukata njia, nikasikia mguu wangu unagonga. Baba Agatha, ng'ombe arobaini wa baba yako na sita wako walikanyaga pale miaka hamsini. Hakuna mashine inayoweza kutengeneza udongo ule. Mpira nikaudundisha. Ukarudi mkononi mwangu kama mtoto anayejua kwao.

Na malisho yaliyozunguka yalikuwa wazi, hayana mnyama. Nikasimama hapo jua likizama nikaona mchezo wote, mwanzo mpaka mwisho, kabla haujachezwa.

Najiambia: sasa sema ukweli wote, Zita. Kamati ya ligi ilitaka karatasi ya mwenye ardhi kwamba ametoa ruhusa. Niliandika jina lako kwa mkono wangu. Wakatuacha tucheze nusu ya msimu, kisha mtu mmoja wa kamati akaiweka karibu na orodha ya wachezaji, akasema mwandiko wa mwenye boma na mwandiko wa kapteni ni mapacha. Wametupa mpaka tarehe 20 Septemba tulete mkono wako halisi. Isipofika, mchezo wa mwisho wa tarehe 27, hapa kwetu na Katesh, wanapewa Katesh bila kucheza, na sisi tunatolewa. Magongo, mipira, vyote vinarudi. Kwale wa Tumati hawatakuwepo tena.

Utaniuliza, timu inayoshindwa kila siku inakusaidia nini. Nitakujibu. Hapa njiani wananiita mjane wa miwa. Mume yupo hai, lakini hayupo. Mtu akinitazama anaona nafasi uliyoiacha. Ninapokuwa pale katikati, mpira mkononi, wenzangu wamenizunguka wananingoja mimi, hakuna anayetazama nafasi ya mtu. Wananitazama mimi. Ni saa tatu kwa wiki. Sitaki kuzikosa.

Mama anataka kusema.

*Thadei mwanangu. Anaandika Zita ninavyotamka, nimemkataza kupamba. Mimi ni mzima. Siku nikifa sitaficha. Sasa sikia. Mti wa kwanza wa boma niling'oa mimi, kwa mikono yangu, Zita alikuwa anaogopa hata kuusogelea. Mwaka mzima nimelala karibu na boma lile tupu. Boma tupu linaota ng'ombe, na ndoto zake zinakuja ndani ya nyumba zinatufunua blanketi. Nikasema afadhali liote kitu kingine. Nimewakandikia ukanda wao kwa udongo mwekundu, majivu na samadi niliyoomba kwa jirani, kama sakafu ya nyumba ya bibi yako, tukauponda siku tatu. Hata waamuzi wameusifu. Baba yako alisema lango hufunguliwa na mwenye ng'ombe. Ni kweli. Lakini baba yako hakuwahi kukaa siku moja bila ng'ombe, kwa hiyo alijua nini? Andika ile karatasi. Na ule chakula. Mama yako Philomena.*

Ameniambia niongeze kwamba nyasi ulishazipokea. Ulilala nazo.

Zita


Tumati
7 Septemba 2025

Baba Agatha,

Wiki tatu. Onesphory anasema barua ulipata, na kwamba u mzima, na kwamba hawezi kusema zaidi kwa sababu umemkataza. Sawa.

Nilidhani ungenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, sikujiandaa kwa kimya. Nikienda kisimani kipo, nikirudi kipo kimekaa kwenye kigoda chako.

Tumecheza Singida, tukashindwa kwa mikimbio sita. Sita tu! Verediana alivunjika kidole gumba akaendelea kwa mkono mmoja. Kisha tukashindwa kwa mikimbio miwili. Kila tunaposhindwa tunakaribia, na kukaribia kunauma zaidi. Mwalimu Rogathe alikaa ndani ya gari akatazama dirishani mpaka tukafika Dongobesh. Halafu akasema, "Wasichana, mwezi wa sita mlikuwa mnashindwa mnacheka. Sasa mnashindwa mnalia. Ndiyo mmekuwa timu."

Nimeota mara moja. Niliota nakimbia kurusha mpira, nakimbia, na wiketi inazidi kwenda mbali, na pembeni ng'ombe wamesimama wanacheua wananitazama bila ubaya wowote. Nikaamka nikajua ndoto hiyo si yangu. Ni yako, imekosea njia.

Kama jibu ni hapana, andika hapana. Sitaendelea kukuomba. Miti yote ya ua nimeitunza nyuma ya nyumba, haijachomwa hata mmoja. Nimeipanga ilivyokuwa imesimama, kuanzia upande wa mama. Ile miwili ya lango nimeifunga uzi mwekundu nisiichanganye. Nikipata neno lako nitairudisha yote, na tarehe 27 nitakaa ndani.

Siku zimebaki kumi na tatu.

Zita


Kambi ya Nne
Jumapili, 14 Septemba 2025

Leo ni mwaka mmoja, miezi mitano na siku tisa tangu nitoke nyumbani.

Mama Agatha,

Barua hii anakuja nayo dereva wa lori la vitunguu, mtu wa Katesh. Ameapa itafika kwako Alhamisi. Nimempa chakula cha njiani ili kiapo kisimkauke.

Kwanza kimya changu. Barua yako ya Agosti nilipoisoma nilikasirika. Sitadanganya. Niliandika majibu matatu, yote nikayatia jikoni. La kwanza lilikuwa baya, la pili baya zaidi, la tatu lilikuwa na matusi kwa kriketi yenyewe. Nilisema, mimi navunjika huku kwa ajili ya boma, kumbe boma lenyewe watu wanarukia ndani yake na suruali.

Sasa soma tena. Nimesema nikayatia jikoni. Jikoni gani? Bwenini hakuna jiko.

Zita, sikati miwa. Tangu Januari. Mgongo ulikataa siku moja mstarini, nikabaki nimeinama kama kobe, wakanibeba. Msimamizi alisema nirudi nyumbani au niingie jikoni. Nyumbani sikuwa na mtamba wa kurudi naye. Nikaingia jikoni. Nawapikia watu mia mbili na kumi ugali na maharage. Nakoroga sufuria ambayo Agatha anaweza kuogelea ndani yake. Simu yangu iliingia humo, nikaitoa kwa mwiko, na watu walikula bila kujua. Doa ni la mafuta ya alizeti. Agatha ana akili.

Nilificha kwa sababu niliona aibu. Mwanamume wa Tumati, mtoto wa Qamara mwenye ng'ombe arobaini, anasongea watu ugali. Wewe umeshika gongo, mimi nimeshika mwiko, na kila mmoja anamwandikia mwenzake kwamba hakuna kilichobadilika.

Siku mama aliposema "baba yako alijua nini," nilicheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Kisha nikakasirika tena. Ndivyo nilivyokaa wiki tatu, kama mlango unaopigwa na upepo.

Jumapili iliyopita nikamwambia Onesphory, nirushie kitu, nataka kuona wanachofanya. Mwiko wangu mkubwa ni wa mti wa mninga, bapa, urefu mpaka kiunoni. Nikasimamisha vijiti vitatu vya muwa nyuma yangu. Onesphory akarusha machungwa mabichi. Nikakosa. Watu wakatoka mabwenini. "Mpishi amerogwa!" Nikakosa tena. "Mpishi, hayo si maharage, yanakimbia!" Nimekosa kumi na moja, Zita, na vijiti vyangu vimeanguka mara saba, na mgongo unaniambia acha.

La kumi na mbili nililiona. Sijui nikuelezeje. Lilitoka mkononi kwa Onesphory likawa linakuja polepole, kama vitu vinavyokuja katika usingizi. Nikaona mpaka kikonyo chake. Nikalipiga. Lilipita juu ya bwenini, juu ya tangi la maji, likaenda kwenye miwa yenye maua, na hatujalipata mpaka sasa. Kambi nzima ikapiga kelele.

Pale katikati, nikielewa nilichokielewa, nilikuwa si mpishi wala si mkata miwa. Hakuna aliyetazama mgongo wangu. Saa tatu kwa wiki ulizosema, mimi nilipata kama pumzi mbili. Nikajua siwezi kumnyima mtu.

Usiku ule ng'ombe walirudi. Wote sita. Katika boma walisimama watu weupe, na mimi nilikuwa langoni nikiogopa watagombana. Madoa akawatazama. Watu wakasogea kidogo, akapita, akalala chini kwenye ukanda ule aliouponda mama, akaanza kucheua. Nikahesabu: sita. Kwa mara ya kwanza hesabu ilifika mwisho.

Hapa chini ndiyo karatasi yenu. Ikate kwa wembe, usichane, na usirekebishe hata herufi moja, wasije wakasema mapacha tena.

*Kwa Kamati ya Ligi. Mimi Thadei Qamara wa Tumati, Mbulu, ndiye mwenye boma na malisho yake. Nilirithi kwa baba yangu. Boma halina ng'ombe. Nimewaruhusu Kwale wa Tumati wacheze humo mwaka huu na miaka mingine mpaka wao wenyewe wachoke. Ile karatasi ya kwanza haikuandikwa kwa mkono wangu lakini iliandika neno langu, ila lilikuwa bado halijanifikia. Ng'ombe nikipata nitamfunga nje ya mpaka wa uwanja. Mimi nimeandika mwenyewe, nina akili zangu, na Onesphory wa Maretadu ameshuhudia. Thadei Qamara.*

Huku hakuna nyasi za kukufaa. Nimekata jani changa la muwa, lipo humu ndani. Nalo ni kijani. Lipokee kwa kuficha kwangu, na kwa kuwaza kwamba mlinificha maiti ya mama.

Nilisema sirudi bila mtamba. Neno hilo nalirudisha kinywani, nimelila. Mtamba sina. Nina mgongo mbovu, viatu vyekundu kabisa, na ninajua kupika maharage ya watu mia mbili. Mwambie Mwalimu Rogathe siku ya mchezo chakula cha timu zote mbili nitapika mimi, na wale wa Katesh watakula ugali wao bila mchuzi wa kwale. Mama asije kunisaidia, nitamwamkia na kumkalisha.

Nikiwa nakuja nitalala Katesh Alhamisi tarehe 25. Nikikutana na wale wasichana stendi nitasema mimi ni mpita njia.

Ua usiurudishe. Ile miti mingine iache ilipo. Ila miwili yenye uzi mwekundu, isimamishe mahali pake palepale, hata kama pembeni mwake hakuna kitu. Nitafika Ijumaa tarehe 26 Septemba, kabla jua halijazama. Nataka niingie kwa lango.

Thadei